Aliyeshika Tochi

Bingwa aliingia dukani kwangu akiwa na dada yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenisalimia vizuri. Bingwa alisema "habari" huku akiangalia rafu. Dada yake, wifi yangu wa zamani, hakusema kitu. Alitoa kitambaa kwenye mkoba, akafuta kiti cha wateja ambacho nilikuwa nimekifuta asubuhi ile ile, akakaa, akanyoosha gauni. Nikawaambia karibuni, tena kwa sauti tamu. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu mimi na Bingwa tuachane, na sikuwa tayari kuiharibu kwa sababu ya salamu.

"Mbele kumekufa," Bingwa akasema. "Linagonga kwenye mashimo, linavuta kushoto, usukani unatetemeka. Nataka vitu vyote vya mbele. Vipya."

Hakutaja gari gani, na hakukuwa na haja. Lilikuwa gari la michezo la viti viwili, la zamani kuliko mimi na yeye, lenye boneti ndefu na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Tulilinunua likiwa mzoga, kuku wanataga kwenye kiti cha abiria, tukalifufua jioni baada ya jioni kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Yeye alipenda rangi, viti na mlio wa injini, yaani vitu ambavyo watu wanaviona na kuvisikia. Mimi nilipenda mbele. Nilipenda ile mikono ya chuma inayolishika gurudumu juu na chini, springi iliyobanwa katikati, shokapu ndani ya springi, na vile vipande vya mpira tunavyoviita bushi, vinavyokaa kwenye maungio ili chuma kisisage chuma. Mimi ndiye niliyechagua kila kipande cha huko, nikakisafisha, nikakipachika mahali pake.

Sasa sikiliza alichonifanyia. Tulipoachana, kikao cha familia kilifanyika sebuleni kwa baba yake mdogo. Vitu vikagawanywa: kabati kwake, friji kwangu, meza kwake. Nikasema friji wachukue, meza wachukue, mimi naomba gari kwa sababu nimelijenga kwa mikono yangu. Bingwa akawageukia wazee wake akiwa na lile tabasamu lake la kupigia picha.

"Huyu?" akasema. "Kazi yake ilikuwa kushika tochi."

Wa kwanza kucheka alikuwa wifi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha wakacheka wote, hata baba mdogo ambaye alikuwa amesinzia tangu tulipofika kwenye kabati. Gari likaenda kwake, na friji nikalibeba mwenyewe.

Gari ningelisamehe. Jina ndilo lililonikaa kooni. Wifi ana mdomo usiojua kupumzika, na haikuchukua muda mtaa mzima ukawa unaniita Mama Tochi. Mafundi wananunua kwangu, wananiita Mama Tochi. Anayeniuzia nyanya, Mama Tochi. Mimi mwenye duka la spea, ninayetambua bushi kwa kuipapasa macho yakiwa yamefumba! Nilikuwa nacheka nao, meno nje, roho inaungua. Lakini aliyenikata maini kabisa ni mama yangu mzazi. Tulikuwa tunakunja nguo, akaniuliza kwa upole, "Kwani mwanangu, ulikuwa unashika tochi tu? Mbona ulikuwa unarudi na grisi mpaka kwenye viwiko?" Hakuwa ananitania. Mama yangu, aliyekuwa akinifulia zile ovaroli, alikuwa ameanza kuamini maneno ya wale watu. Nikaapa palepale, na shuka mkononi, kwamba Bingwa atalirudisha jina langu kwa kinywa chake, mbele ya watu, na dada yake akiwepo asikie.

Na silaha nilikuwa nayo. Kulikuwa na jambo moja kuhusu gari lile ambalo nililijua mimi, na Bingwa hakulijua.

Bushi ya mpira ikishakazwa, inashikilia mkao ule ilimokazwa. Ukiikaza gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, mpira unaamini huo ndio mkao wake. Ukishusha gari, mpira unapindishwa, nao unagoma. Pua ya gari inabaki juu, gari linatembea limekakamaa, na baada ya muda mpira unachanika. Kwa hiyo unapachika kila kitu, unaacha nati zimelegea, unalishusha gari lisimame kwa miguu yake, unalitikisa mpaka litulie, halafu ndipo unakaza. Bingwa hakuwahi kulijua hilo. Kukaza alikutaka yeye, maana kukaza kwa spana ndefu huku mishipa imetoka shingoni kunapendeza machoni. Alikuwa anakaza gari likiwa hewani, anajifuta jasho, anaenda kuoga. Mimi nabaki nyuma, nalishusha, nalegeza zote, nalitikisa, nakaza upya. Sikumwambia, kwa sababu kumwambia Bingwa amekosea kulikuwa na maana ya kununiwa wiki nzima. Asubuhi anatoka na kikombe chake cha chai, analikuta limekaa vizuri, anajipiga kifua.

Basi huyo ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya kaunta yangu.

"Unalitakia nini?" nikamuuliza. "Kazi ya kila siku au matembezi?"

"Maonyesho ya magari ya zamani," akasema. "Mwezi ujao. Nataka kombe."

"Na atalipata," wifi akasema kutoka kwenye kiti.

Maonyesho! Uwanja mzima wa watu wanaojua magari. Hata ningepewa karatasi nichague mahali, nisingechagua pazuri zaidi.

Tukaanza na springi. Alitaka fupi, ili gari lilale chini kama la mashindano. Nikamwonyesha kwa kiganja jinsi tumbo la gari litakavyokwaruza kila tuta, akakubali springi za kimo chake cha asili. Tukaja kwenye shokapu. Alitaka ngumu kuliko zote. Nikamwambia hizo ni za barabara laini, kwenye barabara zetu atateremka garini ameshika kiuno. Wifi akasema kaka yake ana mgongo mbovu. Nikasema najua, niliukanda miaka mingi. Akanikata jicho, nikaendelea kupanga maboksi.

Kwenye boljointi sikufanya mchezo. Hicho ndicho kifundo kinachoshikilia gurudumu, kikichomoka gurudumu linalala na mtu anakufa. Nikamtolea zile bora nilizonazo, nikazikagua moja moja mwangani. Watu watasema nilikuwa na huruma. Sikuwa nayo hata chembe. Nilitaka aaibike, na maiti haioni aibu.

Zikabaki bushi. Nikamwaga mbele yake za aina mbili: za mpira mweusi, kama zile gari lilizotoka nazo kiwandani, na za plastiki ngumu, nyekundu, zinazong'aa. Bingwa akaenda moja kwa moja kwenye nyekundu, akaichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango.

"Hizi," akasema. "Hizi ndizo."

Bushi ya plastiki haishiki mkao. Ndani yake kuna bomba la chuma linalozunguka lenyewe, unaweza kuikaza gari likiwa juu, likiwa chini, hata likiwa limepinduka, nayo haijali. Akiondoka na zile nyekundu, angekaza vibaya kama kawaida yake na gari lingekaa sawa. Kisasi changu kingefia palepale kwenye kaunta, na mimi ningebaki Mama Tochi mpaka naingia kaburini.

"Chukua, ni nzuri," nikamwambia, nikaanza kutafuta mfuko. "Vijana wengi wanazichukua. Hazina usumbufu."

"Vijana," akasema.

"Ila wewe unaenda kwenye maonyesho. Mkaguzi akiinama akaona nyekundu, atajua mbele kumebadilishwa. Kule wanataka gari lilivyozaliwa." Nikashusha sauti, nikamvisha kilemba cha ukoka. "Mtu kama wewe, aliyelifufua gari kutoka kwenye mzoga, nilidhani ungetaka za mpira. Lakini ni uamuzi wako."

Hakukuwa na uongo hata mmoja katika maneno yale. Za mpira ndizo zinazolifaa gari lile, na ningemwambia hivyo mteja yeyote. Wifi akainuka kitini, akaja kugusa bushi nyeusi kwa ncha ya ukucha.

"Kaka, chukua za mpira," akasema. "Wewe si wa kubahatisha."

Mungu ambariki wifi yangu. Bingwa akairudisha ile nyekundu kwenye kaunta.

Halafu, nikiwa nafunga mzigo, ulimi ukanitoka wenyewe. Mazoea ya kazi. Kila ninayemuuzia bushi za mpira namwambia masharti yake, na mdomo wangu haukutambua kwamba safari hii mteja ni adui.

"Hizi zina masharti," nikasema. "Ukishapachika mikono, usikaze kwanza mpaka—"

"Bibie." Bingwa aliinua kiganja kama askari wa barabarani. "Unanifundisha mimi kukaza bushi? Wewe tafuta mfuko."

"Mama Tochi jamani," wifi akasema, akicheka, "bado anashika tochi tu."

Nikatafuta mfuko. Ulimi wangu ulikuwa umetimiza wajibu wake na Bingwa mwenyewe ameukatiza, kwa hiyo nikanyamaza kama maji mtungini. Nikawasindikiza mpaka mlangoni, nikawapungia mkono, nikarudi ndani nikacheka peke yangu katikati ya rafu mpaka nikajishika mbavu. Itamtokea puani, nilijiambia, na mimi nitakuwepo kutazama.

Siku ya maonyesho niliwahi uwanjani kupanga meza yangu ya spea. Nilimchukua mama, nikamwekea kiti kivulini kwenye turubai, mkoba wake mapajani. Magari ya zamani yaliingia moja moja, yakapangwa mistari kwenye nyasi, yamesuguliwa mpaka unajiona. La Bingwa lilipoingia nililitambua kwa mlio. Kisha nikaliona, nikajibana ili nisipige kelele. Rangi inang'aa, viti vinang'aa, na pua iko juu hewani kama mtu aliyesikia harufu mbaya. Kati ya tairi la mbele na ukingo wa madigadi ungeweza kupitisha ngumi. Lilipopita kwenye kituta cha geti, sehemu ya mbele haikuinama hata kidogo. Lilidunda lote kwa pamoja, Bingwa na dada yake wakarushwa kwenye viti, wakatua wakitabasamu.

"Mbona limevimba hivyo?" mama akauliza.

"Subiri, mama," nikasema.

Mkaguzi mkuu alikuwa mzee mfupi mstaafu wa karakana ya mabasi, mtu asiyecheka, mwenye kalamu sikioni. Alilizunguka gari la Bingwa polepole. Akatingisha kichwa kwa kuridhika kwenye rangi, akanusa viti. Kisha akafika mbele, akaweka viganja viwili kwenye boneti, akaegemea kwa uzito wake wote. Gari halikwenda chini. Watu walioanza kukusanyika wakasogea karibu, nami nikaiacha meza yangu nikasogea pamoja nao.

"Mbele umebadilisha?" mkaguzi akauliza.

"Kila kitu kipya," Bingwa akasema. "Nimefunga mwenyewe, kwa mikono hii."

"Bushi za mpira?"

"Za mpira. Mimi si wa kubahatisha."

"Ulizikaza gari likiwa juu au chini?"

Bingwa akamtazama kama aliyeulizwa kama chai inanywewa kikombeni. "Juu, mzee. Kwenye jeki. Nitakazaje likiwa chini?"

Wenye magari wakaguna. Mmoja akageuka kando akakohoa kicheko. Nilimtazama wifi: alikuwa anatabasamu bado, hajaelewa, anadhani wanamshangilia kaka yake.

"Gari hili nimeliona miaka ya nyuma," mkaguzi akasema. "Lilikuwa limekaa vizuri kabisa. Wakati ule alikaza nani?"

Nikaona jambo lile linamwingia Bingwa, taratibu, kutoka kwenye macho kwenda chini. Alikuwa anazikumbuka zile jioni. Akaanza kutafuta kwenye kundi la watu, na macho yake yakatua kwangu. Nikamwinulia nyusi.

"Nakupa mpaka saa nane," mkaguzi akasema, akiondoa kalamu sikioni. "Kanuni yetu unaijua. Kasoro inarekebishwa hapahapa uwanjani, mbele ya macho yetu, na yule aliyeijenga sehemu hiyo. Halafu mwenye gari anatuambia nani kafanya nini, na akidanganya gari linatolewa. Usipoweza, lisogeze kando, wengine wanasubiri."

Alinijia kwenye meza yangu, dada yake nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu tuachane alianza kwa salamu kamili. Akamsalimia mama yangu pia. Kisha akainama karibu na sikio langu.

"Niambie tu kwa pembeni cha kufanya," akanong'ona. "Nitafanya mwenyewe. Tafadhali."

"Siwezi kunong'ona," nikasema, kwa sauti iliyowafikia wauza maji. "Nikinong'ona nasikika vibaya. Nije nilikaze gari lako, au nisije?"

"Njoo," akasema.

"Nina sharti moja tu. Utanishikia tochi."

Wifi akadakia, "Mchana huu wote, tochi ya nini?"

"Bolti za mkono wa chini ziko gizani, wifi," nikamwambia. "Ungejua, kama ungewahi kuingia mle. Na wewe nakuhitaji. Ingia ukae kiti cha abiria. Gari linatakiwa kubeba uzito, na wewe Mungu hakukunyima."

Aliingia. Alikaa mle na mtandio wake, ameangalia mbele, watu wamelizunguka gari.

Tulilipandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao nene, ili lisimame kwa miguu yake na mimi nipate nafasi chini. Nikatandika boksi, nikajitandaza chali, nikaingia. Harufu ya grisi na mpira mpya, na juu ya uso wangu ile mikono ya chuma. Nilikuwa nimeikosa, nakiri. Bingwa akapiga magoti kwenye nyasi na suruali yake nyeupe, akaingiza tochi.

Akanimulika machoni.

"Huku," nikasema. "Si huko. Kushoto. Kushoto kwangu, siyo kwako."

Kushika tochi kuna akili yake. Inabidi ujue mkono wa mwenzako unaelekea wapi kabla haujafika. Jioni alizokuwa anatengeneza injini mimi nilimshikia, sikatai, na hakuwahi kupapasa nati gizani hata mara moja. Yeye alimulika kiwiko changu, akamulika tairi, akageuka kutazama nani anamtazama, na mwanga ukaenda naye. Nilipolegeza bolti ya kwanza nilifanya kwa kupapasa. Zilipolegea zote, gari lilishusha pumzi, pua ikashuka taratibu mpaka mahali pake, na kule juu nikasikia wifi akisema "Mama yangu!" Nikawaambia watu walitikise boneti. Walilitikisa, likatulia. Nikakaza moja baada ya nyingine, na bila kujisifu, kila nati ilikaa kama imeitwa kwa jina.

Nilipotoka chini, grisi ilikuwa imefika kwenye viwiko. Mama alikuwa amekiacha kiti chake akaja mpaka mstari wa mbele, mkoba kifuani, ananitazama mikono.

Mkaguzi akaegemea boneti. Gari likaenda chini, likarudi juu, likasimama. Akapima kwa vidole nafasi ya tairi na madigadi, upande huu na upande ule, akaandika kitu. Kisha akamgeukia Bingwa.

"Mwenye gari. Tuambie."

Bingwa aliliangalia kombe kwenye meza ya wakaguzi. Akamwangalia dada yake, aliyekuwa bado ndani ya gari hajui kama anaruhusiwa kutoka. Akaniangalia mimi. Sikumsaidia. Nilijua anapima kombe na jina, na nilimjua vya kutosha kujua anapenda kipi zaidi.

"Yeye ndiye aliyekaza," akasema.

"Sauti," mkaguzi akasema. "Wa nyuma hawasikii."

"Yeye ndiye aliyekaza! Mbele yote ni kazi yake. Tangu mwanzo."

"Na wewe?"

Tochi ilikuwa bado inawaka mkononi mwake, kwenye jua lile. Aliitazama kama hajui imefikaje pale.

"Mimi nilishika tochi."

Mkaguzi akaandika. Nilichokiapa nilikuwa nimekipata, chote, kwa kinywa chake, na dada yake amesikia. Mtu mwenye moyo mzuri angeishia hapo, akafuta mikono yake, akarudi mezani.

"Na hata hiyo," nikamwambia mkaguzi, "hakuishika vizuri."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama yangu.